Naomba ushauri: zambarau nilizoloweka kwenye jini zinatoa povu

Habari zenu ndugu zangu. Naombeni msaada kwa wanaojua kuloweka matunda kwenye pombe kali.

Niko Lushoto. Wiki 2 zilizopita niliokota zambarau chini ya miti ya kando ya mto, nikaziosha, nikazianika kivulini, nikazipondaponda kidogo kwa mwiko. Kwenye mtungi wa kioo niliweka kilo 1 ya zambarau, sukari gramu 300 na jini ya dukani ml 750, kilevi asilimia 35. Gongo siigusi kabisa.

Rangi imetoka nzuri mno, zambarau iliyoiva hasa. Shida ni kwamba tangu juzi matunda yameelea juu, pembeni kuna vipovu vidogo, na nikifungua kifuniko kinatoa "psss". Harufu imeanza kufanana na ya togwa iliyolala. Ukungu sijauona. Nimeengua povu na kuhamishia mtungi kwenye friji. Povu limepungua ila halijaisha. Nahisi maji ya matunda yamezimua jini mpaka ikachacha.

Maswali yangu ni mawili. Nikichuja sasa na kuongeza jini, niongeze kiasi gani ili kuchacha kukome, au nimwage tu? Na plamu za bustanini kwangu zinakaribia kuiva: nizitoe kokwa kabla ya kuloweka, au ziachwe nzima? Nimesikia kokwa zina sumu, na chupa hizi nataka kumpelekea baba mkwe, sipendi kubahatisha.

Natanguliza shukrani.