Sukari ya Baba Warda siku ya dabi

*Mama Warda:* Jamani, Baba Warda karudi kutoka kibanda umiza, kapima sukari 15.3! Kabla ya mechi ilikuwa 7.8.

*Shangazi Mwajuma:* Kala nini huko? Pale mlangoni wanauza kashata na soda. Muulize vizuri.

*Baba Warda:* Dada, wallahi ni maji tu. Simba na Yanga zile dakika za nyongeza moyo ulinidunda mpaka nausikia masikioni. Nataka nichome insulini ya haraka uniti sita, ishuke nilale.

*Rehema:* Shikamoo Baba Mdogo. Usichome kwanza! Ulinawa mikono kabla ya kupima?

*Baba Warda:* Marahaba mama. Nimenawa kwa sabuni nikarudia, 15.1.

*Rehema:* Basi ni ya kweli. Daktari alikuandikia dozi ya kushushia?

*Baba Warda:* Hapana, ya chakula tu, na ile ya usiku.

*Rehema:* Basi hizo sita usizibuni. Shangazi, shikamoo, naomba tusimtuhumu. Sukari inapanda hata bila kula. Mtu akisisimka, iwe kwa furaha au kwa hofu, mwili unamwaga adrenalini, homoni ya msisimko. Ini linatoa sukari lililoiweka akiba ili misuli ipate nguvu ya kukimbia au kupigana, na insulini inazuiwa kufanya kazi yake sawasawa. Mimi kongosho langu linaongeza insulini, mambo yanatulia. La Baba Mdogo haliwezi tena, na muda wote huo yeye amekaa kwenye benchi, misuli haijaitumia hiyo sukari.

*Salum:* Kweli kabisa dada. Mimi nina kisukari cha aina ya kwanza, mazoezini sukari inashuka, siku ya mechi yenyewe inapanda hata filimbi haijapulizwa! Na watu wanadhani sijachoma. Nacho, beki wa zamani wa Real Madrid, anaishi na kisukari hicho tangu ana miaka 12, na Kombe la Dunia 2018 aliifungia Hispania dhidi ya Ureno.

*Shangazi Mwajuma:* Marahaba wanangu. Lakini 15 ni nyingi, kwa nini asichome?

*Rehema:* Kwa sababu msisimko ukiisha, sukari huanza kushuka yenyewe. Insulini ya haraka inafanya kazi kwa muda wa saa nne hivi. Vikikutana viwili usiku yeye kalala, inaporomoka na hakuna anayeona. Baba Mdogo, kunywa maji, tembea polepole hapo uani, pima tena baada ya saa moja na nusu. Ile ya usiku usiiruke. Ikibaki juu hivyo hivyo, au akitapika, tumbo likiuma, akihema kwa nguvu, mnakwenda hospitali usiku huu huu.

*Mama Warda:* Na akitetemeka na kutoka jasho? Siku za penalti huwa nakimbilia juisi.

*Rehema:* Mama Mdogo, hapo ndipo penye mtego. Sukari ikishuka mwili pia unatoa adrenalini, kwa hiyo dalili ni zile zile: jasho, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio. Kwa macho huwezi kujua, pima. Chini ya 4, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15. Mashine haipo? Mpe tu, maana kushuka kunaua haraka kuliko kupanda. Na kama anameza propranolol ya presha, mtetemeko unaweza usionekane, likabaki jasho peke yake.

*Baba Warda:* Sasa hivi ni 11.4. Sijachoma.

*Rehema:* Alhamdulillah! Andika kwenye daftari la kliniki: saa, namba, na neno "mechi". Bila hilo neno daktari ataona 15 na kukuongezea dawa bure.

*Shangazi Mwajuma:* Na Jumamosi anamwozesha Warda. Furaha ile nayo?

*Rehema:* Nayo, tena na pilau juu yake. Apime kabla ya nikahi, na saa mbili baada ya kula.

*Shangazi Mwajuma:* Mashine nitaibeba mimi kwenye mkoba. Mama Warda, nitumie picha ya vile vijiti vyake nijue vimebaki vingapi, kesho napita famasi.