Tupeane uzoefu: siku GPS ya mkononi ilipowavuruga porini, Kigoma na Tabora

Mwana wa Gungu
Wakuu habari za leo. Juzi niko kwenye Noah natoka Kigoma naenda Kasulu, nyuma yangu wamekaa vijana wawili wa mradi wa visima wanabishana juu ya GPS. Mmoja anasema imekufa, mwenzake anasema setelaiti zimepotea. Namba ya E (mita za upande wa mashariki) ilikuwa ikisoma laki nane na thelathini na mbili elfu na ushee, ghafla ikashuka hadi laki moja na sitini na saba elfu, na gari halijasimama hata kidogo. Nikakumbuka mbali sana.

Kifaa hakina kosa. Mstari wa nyuzi 30 mashariki unapita kati ya Kigoma na Kasulu. Magharibi yake ni zoni 35 ya UTM, ule mfumo wa kuigawa dunia katika zoni za nyuzi sita sita na kupima kwa mita; mashariki yake ni zoni 36, na kila zoni ina hesabu yake. Mji wa Kigoma na Ujiji wako 35. Kasulu, Kibondo, Uvinza na Tabora nzima wako 36. Niliwaeleza vijana wakatulia, lakini moyoni nilikuwa nawaza kile kilichotukuta miaka ile kwenye kupima vyanzo vya maji. Daftari liliandikwa E na N (kaskazini) tu, zoni hakuna. Aliyeingiza kwenye kompyuta akaweka 36 kwa wote. Visima vya Ujiji vikatua karibu na Kondoa! Namba zenyewe zilikuwa sahihi hadi mita, ila zimehama nyuzi sita. Aliyegundua ni mama mmoja wa ofisi ya maji, alitazama ramani mara moja akasema, "Hivi tangu lini Ujiji haina ziwa?"

Mje na visa vyenu, na mlitokaje.

Dada wa Mizinga, Sikonge
Kaka umenigusa. Sisi kikundi cha wafuga nyuki tulipewa GPS ili kila mzinga uwe na pointi, wanunuzi wa asali siku hizi wanataka kujua imetoka msitu gani. Kifaa kililetwa kutoka Dar kikiwa kimekaa sandukuni msimu mzima. Tukaingia nacho porini masika, miombo imefunga majani, kila mtu anakizungusha juu kama anatafuta mtandao wa simu. Hakishiki. Waliokuwa na haraka wakaanza kuandika namba zilizokuwa kwenye skrini, kumbe zilikuwa za mahali pa mwisho kilipozimwa. Mizinga yote ya asubuhi ile kwenye karatasi iko Dar es Salaam.

Aliyetufundisha baadaye alisema kifaa kilichokaa muda mrefu, au kilichosafirishwa mbali kikiwa kimezimwa, hakijui setelaiti zipi ziko juu yake. Kinapokea orodha yao polepole kutoka angani, na orodha kamili huchukua dakika 12 na nusu. Kwa hiyo ukifika, kiwashe pahali peupe, kiweke juu ya boneti au kisiki, kiache kitulie. Usitembee nacho, usikizime na kukiwasha tena. Na usiandike kitu mpaka kionyeshe kosa la mita chache. Chini ya miti pointi ikikupa mita 10 au 15, shukuru, mzinga utauona kwa macho.

Kijana wa Isevya
Hiyo ya kusubiri ni kweli tupu. Watu wanakizima kila dakika mbili halafu wanasema kibovu.

Mtendaji Mstaafu
Nimesoma hapa nikashindwa kunyamaza. Nitaeleza lililotokea Kaliua, vijiji sivitaji kwa sababu wahusika wapo na wamepatana.

Ilikuwa mambo ya mpango wa matumizi bora ya ardhi. Vijiji viwili, katikati yao mashamba ya tumbaku, na mpaka wa zamani ulikuwa unajulikana kwa mti na kijito kisichokuwa na maji kiangazi. Timu ikaja na GPS na ramani ya zamani, ile ya moja kwa elfu hamsini. Wakasoma kodineti za mpaka kwenye ramani, wakaziingiza kwenye kifaa, wakatuambia tufuate mshale. Tukafuata. Wazee wa pande zote mbili walikuwapo, mabalozi, kamati za ardhi, na vijana wengi kuliko waliohitajika. Mshale ukapita kwenye mti tunaoujua, ukaendelea. Ukaendelea tena. Ukatusimamisha katikati ya shamba la tumbaku la mtu, karibu mita mia tatu kaskazini ya mti, na kijana wa kupima akasema kwa sauti, "Mpaka ni hapa."

Jamani. Mwenye shamba alikuwa anatuangalia akiwa na panga la kufyekea mkononi. Hakutupiga, hakutukana. Alikaa chini kwenye matuta yake akasema, "Basi nipimeni na mimi." Vijana wa kijiji cha kusini wakaanza kushangilia, wa kaskazini wakaanza kukusanyika. Mimi ndiye niliyekuwa na mhuri. Niliwaambia hakuna anayesaini kitu leo, kikao kimeahirishwa, kila mtu arudi kwake. Usiku ule sikulala, nilisikia ngoma upande wa pili nikadhani wanakuja.

Baada ya wiki akaja mpima mtu mzima kutoka Tabora mjini. Hakupima chochote kwanza. Alikaa na wazee, akaomba aione ile ramani, akaonyesha kidole pembeni pameandikwa Arc 1960. Kisha akafungua kifaa kikasoma WGS 84. Akasema namba za ramani hii zimehesabiwa kwa umbo la dunia jingine, ndiyo wanaita datamu, ukiziingiza kwenye kifaa hiki bila kukiambia, kwetu huku utaangukia karibu mita 300 kaskazini na kidogo magharibi. Akabadilisha, akaingiza upya namba zile zile, tukatembea. Mshale ukafia kwenye mti.

Mwenye shamba bado analima.

Fundi Ramani
Pole sana mzee. Ndiyo maana mimi nasema siku zote: Tanzania weka Arc 1960 kwenye kifaa, mwisho wa maneno. Ramani zetu nyingi za zamani ni Arc.

Mwana wa Gungu
Hapana mkuu, usiwapoteze watu. Weka WGS 84. Simu zinatumia WGS 84, picha za setelaiti WGS 84, kila kitu.

Fundi Ramani
Wewe unazungumzia simu, mimi nazungumzia mipaka ya watu. Mzee hapo juu kaeleza nini?

Mwana wa Gungu
Kaeleza kwamba vilitofautiana! Angekuwa na ramani ya WGS na kifaa cha Arc angeangukia kusini, shamba la mtu mwingine.

Binti wa QGIS
Kaka zangu mnapigana bure, ngojeni niwaeleze kitu kinachowachanganya wengi. Datamu unayochagua kwenye kifaa inabadilisha namba unazoziona kwenye skrini, na jinsi kinavyozielewa unazoingiza kwa vidole. Faili la GPX, lile la pointi na njia zako, unalolitoa kwa waya linahifadhiwa kwa WGS 84, nyuzi za latitudo na longitudo, hata kama skrini inasoma Arc. Ndiyo maana timu moja inaweza kuwa na seti mbili zinazopishana mita 300 kutoka kifaa kimoja: aliyenakili skrini kwenye daftari ana Arc, aliyevuta faili ana WGS. Nimeona ofisi ikigombana juu ya hilo hadi watu wakaacha kusalimiana.

Kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, kila mfumo wa kodineti una namba yake ya EPSG: daftari lako likiwa Arc zoni 36 chagua EPSG 21036, likiwa WGS zoni hiyo hiyo chagua 32736. Kwa upande wa Kigoma mjini ni 21035 na 32735. GPX iache kwenye 4326 (WGS 84 ya nyuzi), usiibadilishe. Na juu ya kila ukurasa wa daftari andika datamu, zoni na jina la kifaa kabla hujaandika pointi ya kwanza.

Fundi Ramani
Hapo kwenye GPX nimekuelewa dada. Ila kwa kuingiza namba za ramani kwa mkono, Arc yangu inabaki pale pale.

Binti wa QGIS
Kwa hilo uko sahihi.

Mtu wa Kibirizi
Nyinyi mnazungumza mita 300. Ngoja niwape ya Ziwa Tanganyika.

Shemeji yangu alikuwa kwenye boti ya mizigo inatoka kusini, kiangazi, upepo wa kusini umechachamaa. Jioni wakiwa usawa wa Ilagala mashine ikazima. Mle ndani kulikuwa na mwanafunzi wa mambo ya samaki ana GPS yake. Simu zikiwa bado zina mtandao wa kukatikakatika, akatuma meseji ya kodineti. Namba ya kusini ilisomeka 05 12.500. Meseji ikafika kwetu Kibirizi, Kigoma mjini, ikasambaa, watu wakakusanyika mwaloni, mama zake na dada zake wakiwamo.

Boti ya kuwatafuta ikatoka na mtu mwenye simu ya ramani. Wakaenda hadi pale, giza, mawimbi, wakawasha taa, wakapiga kelele. Hakuna mtu. Wakazunguka. Mafuta yanapungua. Dada yangu ananipigia kila baada ya muda anauliza, "Mmeona taa?" Na mimi sina la kumjibu.

Kijana wa Isevya
Wakapatikana???

Dada wa Mizinga, Sikonge
Kaka malizia, nimeacha mboga jikoni.

Mtu wa Kibirizi
Samahani, nilipokea mgeni. Naendelea.

Pale mwaloni alikuwapo mwalimu wa jiografia, akaomba kuiona meseji ilivyo, siyo kuambiwa. Akasema hii ni nyuzi 5, dakika 12 na nusu. Kule kwenye boti wameandika 5.12500 kwenye simu. Dakika 12 na nusu ukizigeuza kuwa desimali ni 5.20833. Tofauti yake ni zaidi ya kilomita 9! Walikuwa wanatafuta kaskazini kupita kiasi. Tukawapigia, wakageuza. Na kulikuwa na mzee mvuvi wa dagaa, akasema wasiende kwenye namba yenyewe, meseji ni ya tangu jioni na upepo haujalala, waanze kaskazini ya hapo na kushuka wakiwa na taa. Waliwapata kabla ya alfajiri, wamefunga turubai kama tanga, wanamwaga maji kwa ndoo. Wote wazima. Shemeji yangu mpaka leo akipanda boti anauliza kwanza nani ana GPS na ameiweka kwenye muundo gani.

Kwa hiyo naomba kila anayesafiri ziwani: tuma namba na alama zake zote, S na E, nyuzi na dakika, na saa uliyoichukua. Bila saa, namba ya mtu anayeelea haina maana.

Mtendaji Mstaafu
Mungu ashukuriwe. Huyo mwalimu apewe heshima yake.

Kijana wa Isevya
Nimesoma huku nimeshika moyo.

Mama Uvinza
Mimi nina dogo tu baada ya hayo makubwa. Betri. Zile za bei ya chini za dukani hazifiki jioni. Nunueni alkalaini nzuri.

Fundi Ramani
Za kuchaji ni bora, mama. Unachaji kwa sola usiku unakuta ziko tayari.

Mama Uvinza
Usiku jua liko wapi mwanangu?

Fundi Ramani
Sola inajaza betri kubwa mchana, mama, hizo ndogo zinachajiwa nayo usiku 🙂 Ila ukiweka za kuchaji, nenda kwenye mipangilio uchague NiMH. Zina volti 1.2, za kawaida 1.5, kwa hiyo usipokiambia kifaa kitadhani zimeisha wakati bado. Na ukibadilisha betri kwenye vile vyenye dira ya sumaku, irekebishe dira upya, mbali na gari na panga. Vile vidogo kama eTrex 10 havina dira hiyo, mshale unakuwa sahihi ukiwa unatembea tu. Ukisimama utakuzungusha.

Mwana wa Gungu
Hapo tuko pamoja mkuu. Na wenye vifaa vya zamani ambavyo tarehe imerudi nyuma karibu miaka 20, msivitupe. GPS inahesabu wiki hadi 1,024 halafu inaanza sifuri, ilitokea Agosti 1999 na tena Aprili 2019. Mahali kinapokuonyesha ni sawa, tarehe ndiyo ya uongo. Andikeni tarehe kwa mkono.

Mzee wa Doria
Ushauri wangu ni mmoja: mkono wa kulia GPS, mkono wa kushoto mwenyekiti wa kitongoji. Vikipishana, simama uulize wote wawili.

Mwanafunzi Nguruka
Naomba msaada wenu. Nimetembea mpaka wa msitu wa kijiji, treki (mstari wa njia niliyopita) ilikuwa inaonekana siku zote. Leo nimechomeka GPS kwenye kompyuta, mara ya kwanza haikuonekana kabisa, nimebadilisha waya ikaonekana, lakini treki za mwanzo hazipo! Kesho kutwa natakiwa niwasilishe.

Binti wa QGIS
Pole mdogo wangu, tulia. Waya wa kwanza bila shaka ni wa kuchajia tu, hauna njia ya data, uweke mbali kabisa na mkoba wa kazi. Treki ya sasa iko kwenye folda ya Garmin, ndani yake GPX, ndani yake Current. Zile za zamani kifaa kinazihamisha chenyewe kwenye folda ya Archive, pembeni ya hiyo hiyo. Usifungue kwenye kifaa. Nakili zote kwenye kompyuta kwanza, na usifute kitu.

Mwanafunzi Nguruka
Zipo! Zote zipo, kila moja na tarehe yake. Asante sana dada. Sasa swali, Nguruka ni zoni 36, si ndiyo?

Mwana wa Gungu
36. Andika kwenye daftari sasa hivi.