Nataka kufundisha sheria ya nishati ya kimataifa: nisome nje au Mlimani?

Binti Kigogo:
Salaam wakuu. Ni wakili, mwaka wa nne sasa, kampuni ndogo hapa Posta: hati za viwanja, mikopo ya benki, talaka mbili tatu. LLB (shahada ya kwanza ya sheria) nilitoka Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na GPA ya 3.9. Ninachotaka ni kufundisha na kutafiti sheria ya nishati: gesi, mikataba, usuluhishi wa kimataifa. Nimepata nafasi ya masta Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, ila bila ufadhili. Baba yuko tayari kuuza kiwanja cha Kibaha. Niende, au nisome hapa hapa?

Kongoro:
Kiwanja kisiuzwe! Dundee wana jina kwenye fani hiyo, kituo chao cha sheria ya nishati, petroli na madini kilianza 1977. Waombe uahirishe hadi mwakani, halafu jaza fomu za ufadhili wa masomo wa Uingereza, Chevening na Commonwealth. Chevening wanataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, unao. Ukimaliza lazima urudi nyumbani miaka miwili, na wewe si ndiko unakotaka kufundisha?

Chaurembo:
Mshahara wa mhadhiri msaidizi umeuulizia lakini? Haya, mimi napita tu.

Mzee wa Changanyikeni:
Binti, hiyo 3.9 ni mali. Matangazo ya kazi ya vyuo vya umma huwa yanadai 3.8 shahada ya kwanza na 4.0 masta, wengi wanakwama hapo. Masta ya nje nayo uipeleke TCU, tume ya vyuo vikuu, itambuliwe.

Ila hujasema unatafiti nini. Gesi, mikataba, usuluhishi: umetutajia soko zima la Kariakoo. Msimamizi, awe Dundee au Mlimani, atataka swali moja. Chukua sheria ya 2017 ya mamlaka ya nchi juu ya maliasili, kifungu cha 11. Kinazuia migogoro ya maliasili kwenda mahakama na mabaraza ya nje. Mwekezaji wa gesi ya kimiminika kule Lindi naye anaweka mabilioni ya dola, hawezi kukubali kirahisi kushtakia hapa. Huku Tanzania ni mwanachama wa ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji, na TANESCO, shirika letu la umeme, ilishaburuzwa huko na benki ya Standard Chartered ya Hong Kong kwa mkataba wa umeme wa IPTL, kampuni binafsi ya kufua umeme. Mkataba wa uwekezaji na Uholanzi tuliusitisha, ukakoma 2019. Sasa kipengele cha usuluhishi cha Lindi kiandikweje? Hiyo ni PhD nzima.

Kama moyo uko kwenye udhibiti, soma maamuzi ya Baraza la Ushindani kwenye rufaa dhidi ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Vijana wanaijua EWURA ya bei kikomo za mafuta, Jumatano ya kwanza ya mwezi, basi. Hata kwamba mkondo wa juu, yaani utafutaji na uchimbaji wa mafuta na gesi, uko kwa mdhibiti mwingine, PURA, tangu Sheria ya Petroli ya 2015 hawajui, na wanaomba kufundisha!

Binti Kigogo:
Shikamoo mzee. Nimekifungua kifungu sasa hivi. Kinataka migogoro isikilizwe na vyombo vilivyoanzishwa hapa nchini, kwa sheria za Tanzania. Swali langu: mwekezaji akija na mkataba wa nchi yake na sisi, mkononi ana ICSID, kifungu hiki kinamfunga vipi?

Mzee wa Changanyikeni:
Marahaba. Hilo sasa ndilo swali. Niletee kurasa tano PM, zenye tanbihi. Zisizo na tanbihi sisomi.