Kompyuta za msaada: akabidhiwe mtoto au zikae shuleni?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Kuna kundi letu linataka kusajili shirika lisilo la faida, kazi yake iwe moja tu: kuwapatia watoto wa shule za msingi kompyuta mpakato za bei nafuu. Pesa za kuanzia zimeahidiwa. Tumekwama kwenye swali moja ambalo limetugawa kabisa. Kila mtoto akabidhiwe yake aende nayo nyumbani, au ziwe mali ya shule na watoto wazitumie kwa zamu?

Mimi nasema ziwe za shule. Mnaopinga karibuni, ila mje na hoja.

Wazo la kila mtoto na yake lina historia. Januari 2005, kwenye kongamano la uchumi kule Davos, Uswisi, Nicholas Negroponte wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, alitangaza kompyuta ya dola 100 kwa watoto wa nchi maskini. Novemba mwaka huohuo ikaonyeshwa Tunis, Kofi Annan akiwepo, ikiwa na mkono wa kuzungusha ili izalishe umeme. Makofi yakapigwa. Ilipoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 2007 ule mkono haukuwepo, na bei ilikuwa inakaribia dola 190. Simbezi mtu hapa. Ile mashine, XO, ilisanifiwa kwa akili nyingi: kioo kinasomeka juani, kibodi ya mpira haipitishi vumbi, inakula wati chache. Tatizo ni imani iliyokuja nayo, kwamba mtoto akishaipata mengine atajifundisha.

Peru iliamini, ikanunua zaidi ya laki nane. Watafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika wakapima shule 319 za vijijini, wakatoa matokeo mwaka 2012. Kompyuta zilitoka wastani wa 0.12 kwa mwanafunzi hadi 1.18, yaani kila mtoto na yake na chenji inabaki. Alama za hesabu na lugha hazikusogea.

Kwa hiyo pesa ya kununulia mashine 300, mimi ningenunua 100. Iliyobaki iende kwa mwalimu, fundi, vipuri na umeme.

Mwalimu Chaki:
Mkuu, ripoti umeisoma ila umeruka ukurasa unaokuumiza. Hukohuko Peru watoto wengi hawakuwa wanaenda na kompyuta nyumbani. Wazazi na wakuu wa shule waliogopa kubebeshwa lawama zikiharibika au zikiibiwa. Sasa unachukua mpango ambao nusu yake haikutekelezwa, unasema umeshindwa, halafu unataka ile nusu iliyoukwamisha ndiyo iwe utaratibu rasmi.

Acha nikueleze "mali ya shule" maana yake nini. Shule niliyowahi kufundisha ililetewa kompyuta na wafadhili. Zikapokelewa kwa hati, zikaingizwa kwenye leja ya vifaa, mkuu wa shule akasaini kuwa ndiye mwenye dhamana. Kuanzia siku ile chumba kikawa na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mkuu, mwingine kwa mtunza stoo. Ukitaka kipindi unaomba kwa maandishi. Mkuu akiwa kwenye semina, hakuna kipindi. Mtunza stoo akiuguliwa, hakuna kipindi. Baadhi ya zile mashine zilikufa betri zikiwa bado na nailoni yake kwenye kioo.

Na mkuu wa shule simlaumu hata kidogo. Ikipotea moja ataandikiwa barua ya kujieleza. Zikikaa bila kuguswa mwaka mzima hakuna atakayemuuliza chochote. Wewe ungefanya nini?

Mama Pacha:
Nakazia kwa mwalimu. Na mtoto akija nayo nyumbani, mama naye anajifunza, kaka mkubwa anajifunza. Hilo kwenye hesabu zenu sijaliona. Halafu hizo zamu mnazozisema, mmewahi kukaa darasani mkaona zinavyokwenda? Watoto wanne mashine moja: mmoja anabonyeza, wawili wanabishana, wa nne anaangalia dirishani. Wa nne mara nyingi ni msichana.

Mleta mada:
Mwalimu, la kufuli nalikubali, ni ugonjwa wa kweli. Ila dawa yake iko kwenye hati ya makabidhiano. Mashine zibaki mali ya shirika, shule ipewe kutumia. Mkataba uandike wazi kwamba ikiibiwa au kuvunjika katika matumizi ya kawaida, hasara ni ya shirika, na mkuu wa shule hadaiwi. Tunatenga mashine za akiba kwa ajili hiyo tangu mwanzo. Kitakachomfanya aulizwe ni saa za matumizi: kila mashine ijihesabie ilivyowashwa, na zikikaa muhula mzima bila kazi zinahamia shule nyingine. Hapo hofu inageuka upande wa pili.

Mama Pacha, hoja ya msichana naichukua kama ilivyo. Watoto wawili kwa mashine, isizidi hapo.

Fundi Bisibisi:
Naona mnagombania nani aishike. Hakuna aliyeuliza nani ataifungua. Kazi yangu ni kufufua kompyuta zilizotumika, kwa hiyo niruhusuni nishuke kwenye vumbi kidogo.

Kwanza, msinunue mpya. Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10, na kompyuta nyingi zima kabisa zinatolewa maofisini kwa sababu tu hazikidhi masharti ya Windows 11. Kwa shirika kama lenu huu ni msimu wa mavuno. Toa diski ya kuzunguka, weka SSD (diski ya kisasa isiyozunguka, yenye kasi), ongeza RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi), futa kila kitu, sakinisha Linux, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Mtoto hatajua kama ni ya zamani. Ila mkubaliane na mtoaji mapema: isiyowaka haipandi gari. Vinginevyo mtaletewa taka za watu, na gharama ya kuziteketeza salama itakuwa yenu.

Pili, chukueni modeli moja. Mashine 30 za aina moja, mbili zikifa zinakuwa vipuri vya 28. Mashine 30 za aina kumi ni maumivu, hata chaja haziingiliani.

Tatu, vinavyovunjika kwa watoto ni vilevile kila mahali: tundu la chaji, bawaba za kioo, kibodi. Tundu linalegea kwa sababu mtoto anahama na mashine huku waya umo ndani. Angalieni modeli ambayo tundu liko kwenye kipande chake chenye waya, lisiwe limechomewa kwenye ubao mama, ule mkuu unaobeba saketi zote. La kwanza nabadilisha kwa bisibisi. La pili linataka mtu mwenye mkono mzuri wa kuchomelea, na shuleni huyo humpati.

Sasa niwape moja ambalo halipo kwenye ripoti zenu. Ndani ya kompyuta kuna kibetri cha duara kinachotunza saa. Kikiisha, mashine inawaka ikidhani iko miaka mingi nyuma. Unafungua tovuti, kivinjari kinaona cheti cha usalama tarehe yake bado haijafika, kinagoma. Mwalimu anasema intaneti imekufa. Kompyuta zinawekwa pembeni, miezi inapita, na ugonjwa wote ni kibetri ambacho mtoto wa darasa la tano anaweza kufundishwa kukibadilisha.

Na umeme. Chaja 30 za wati 65 zikichomekwa pamoja ni wati 1,950. Kama chumba kina soketi mbili na waya wa ekstensheni, mnatafuta moto.

Nafuatilia Tu:
Kumbe kibetri! Naondoka kuangalia ya kwangu.

Mwalimu Chaki:
Fundi, heshima yako. Hata hivyo hoja ya mtoto kuwa na yake bado imesimama. Uruguay walianza mwaka 2007 chini ya Rais Tabaré Vázquez, na kufikia 2009 kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma alikuwa na yake. Ziliendelea kufanya kazi kwa sababu waliunganisha shule na intaneti na wakajenga mfumo wa matengenezo. Kwa hiyo inawezekana.

Mleta mada:
Inawezekana kwa serikali ya nchi yenye watu milioni tatu na ushee, mwalimu, si kwa kikundi chetu chenye daftari la michango. Na hata huko, utafiti uliotoka mwaka 2014 haukuona badiliko katika hesabu na kusoma kwa miaka miwili ya mwanzo. Kinachonivutia mimi ni walichofanya baadaye: wakatumia mtandao uleule kuleta darasani walimu wa Kiingereza kwa njia ya video, kwenye shule ambazo mwalimu wa somo hilo hayupo. Pale kompyuta ilibeba mwalimu.

Mweka Hazina:
Nimekaa kwenye bodi za mashirika ya aina hii, niwaambie ukweli wa pesa. Mfadhili anapenda kununua kitu cha kupigwa picha. Mwombe kompyuta 100, atakupa. Mwombe mshahara wa fundi kwa miaka mitatu, atakwambia hiyo ni gharama ya uendeshaji. Kwa hiyo msiandike maombi mawili. Bei ya kompyuta moja kwenye andiko iwe na kila kitu ndani: mashine, SSD, chaja ya akiba, matengenezo, mafunzo ya mwalimu. Asiyetaka kulipia matengenezo hapati kununua mashine.

La pili, muuzaji asikae kwenye bodi. Intel, kampuni ya kutengeneza chipu za kompyuta, iliingia kwenye bodi ya ule mradi wa Negroponte Julai 2007 huku ikiuza kompyuta yake ya watoto, Classmate. Januari 2008 ikaondoka, kila upande ukimlaumu mwenzake. Anayewauzia mkutane naye kwenye zabuni.

Mama Pacha:
Na jioni je? Mkataba umeandikwa vizuri, vipuri vipo, saa nane mchana shule inafungwa. Mashine zinalala.

Mleta mada:
Mama, hapo nalegeza. Darasa la sita na la saba waazime kwa usiku mmoja, kama kitabu cha maktaba, kwa daftari la kusaini. Chaja ibaki shuleni, betri iliyojaa inatosha jioni. Masomo na kamusi ziwe zimeshapakiwa ndani, kwa sababu nyumbani hatutegemei intaneti. Madarasa ya chini hapana, na hapo sisogei.

Mwalimu Chaki:
Wa darasa la nne ndio wanaoanza kuachwa nyuma kwenye kusoma, na ndio unaowanyima. Lete sababu nyingine zaidi ya kuogopa kuvunjika, maana hiyo umeshasema hasara ni ya shirika.