Tupeane uzoefu: mboga za uani na za sokoni, usalama wake unatoka wapi?

MkulimaMdogo
Wakuu, habari za kazi. "Lima mwenyewe ule salama" imegeuka jibu la kila swali, na inapotosha. Mchicha wa uani unaweza kuzidi wa genge kwa uchafu, kutegemea udongo na maji. Tuweke hapa mambo yanayopimika: kipi kinatoka kwa kuosha, kipi hakitoki?

UdongoKwanza
Kisichotoka ni madini mazito. Risasi na kadimi zikishanyonywa na mizizi ziko ndani ya jani, hata ukichemsha. Dar es Salaam jambo hili si geni: vipimo vya mboga za kando ya mito Sinza na Msimbazi vilichapishwa tangu 1999. Kikomo cha Codex, viwango vya kimataifa vya usalama wa chakula, kwa mboga za majani ni miligramu 0.3 za risasi na 0.2 za kadimi kwa kilo. Mchicha, matembele, karoti na figili hubeba zaidi. Nyanya, bamia na biringanya hubeba kidogo. Kama udongo unautilia shaka, panda hizo za matunda.

Nyumbani, chunguza ukuta wenye rangi ya zamani inayobanduka, sehemu palipovunjwa betri za magari, na ukaribu wa barabara kubwa. Tiba ni mboji ya kutosha na chokaa ya kilimo hadi pH (kipimo cha asidi ya udongo) ifike 6.5 mpaka 7, maana udongo wenye asidi ndio unaoachia risasi na kadimi. Njia ya uhakika zaidi ni tuta lililoinuliwa: tandika kitambaa kizito chini, jaza udongo safi usiopungua sentimita 30. Kingo zake zisiwe vipande vya nguzo zilizotiwa dawa ya kijani, nyingi zina aseniki. Viroba vitumike vya chakula, kamwe si vilivyobeba dawa.

DadaWaGenge
Vumbi la barabarani, tofauti na hayo, linatoka. Geuza jani la sukumawiki, pitisha kidole kwenye mshipa wa katikati karibu na kikonyo: weusi unaobaki kidoleni ndio huo. Kusuuza fungu zima likiwa limefungwa hakufiki pale. Fungua kamba, kata vikonyo, osha jani mojamoja, badilisha maji mara tatu au mpaka chini ya beseni pasibaki mchanga.

BwanaShamba
Niongezee upande wa viuatilifu, kwa sababu hapa ndipo mboga ya kununua inapopoteza imani. Ule unga mweupe kwenye nyanya mara nyingi ni mankozebu, dawa ya ukungu. Haiingii sana ndani, inakaa juu ya ganda, kwa hiyo sugua kwa mkono chini ya maji yanayotiririka. Fanya hivyo kabla ya kukata na kupika, maana ikipata moto hutoa kemikali nyingine, ETU, iliyo mbaya kuliko yenyewe.

Dawa zinazopenya, kama imidakloprid, haziondoki kwa kuosha. Kinga yake ni siku za kusubiri kati ya kupiga dawa na kuvuna, zilizoandikwa kwenye lebo. Tatizo ni hesabu ya shambani: nyanya huchumwa kila baada ya siku 3 au 4. Dawa ya siku 7 ikipigwa katikati ya mavuno, mchumo mmoja au miwili inatakiwa kuachwa, na mkulima mwenye deni la pembejeo haiachi. Ukilima mwenyewe, tumia dawa iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya viuatilifu Tanzania (Kenya ni PCPB), kwa zao hilohilo, pima kwa chombo chenye alama badala ya kifuniko cha chupa, na usichanganye dawa mbili kwenye pampu moja bila lebo kuruhusu.

MamaWawili
Asante Bwana Shamba. Na kuoshea kwa siki, chumvi, bikaboneti (baking soda)?

BwanaShamba
Dada, bikaboneti ina ushahidi: jaribio la Marekani la 2017 kwenye matufaha lilitumia gramu 10 kwa lita, yaani vijiko viwili vya chai, dakika 12 hadi 15. Iliondoa dawa ya juu ya ganda, iliyopenya ikabaki. Siki na chumvi usizitegemee kuua vijidudu.

AfyaJikoni
Kwa vijidudu, hasa kachumbari na saladi: osha udongo wote kwanza, kwa sababu uchafu unakula klorini. Kisha tia kijiko kimoja cha chakula (ml 15) cha jiki isiyo na manukato, ya asilimia 3.5, kwenye lita 10 za maji. Loweka dakika 5, suuza kwa maji ya kunywa. Mayai ya minyoo hayafi kwa klorini hiyo. Yanaondoka kwa kusugua, au kwa kupika. Ndiyo maana samadi mbichi isiingie bustani ya mboga za kuliwa mbichi: ikibidi, ziachwe siku 120 kati ya kuiweka na kuvuna.

UdongoKwanza
Kuhusu kupima udongo kama una madini mazito: kipimo cha kawaida cha rutuba hakionyeshi risasi, lazima uitaje unapopeleka sampuli. Chukua udongo sehemu 15 za bustani, kina cha sentimita 20, kwa koleo lisilo na kutu wala mabati. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, toa mawe, anika kivulini, funga nusu kilo kwenye mfuko mpya. Andika nje ya mfuko kina, tarehe na maji unayomwagilia.