Monopoly ya London isiyo na dadu, ni orijino?

Mdau_Kirumba: Wakuu, nimeikuta Monopoly (ule mchezo wa ubao wa kununua mitaa) ya Waddingtons, kampuni ya Uingereza, kwenye mitumba hapa Makoroboi, Mwanza, ubao una mitaa ya London, ila haina dadu, kuna mshale wa kuzungusha wa karatasi ngumu, je ni feki?

Nyakato_1: Usiitupe mkuu! Hiyo ya wakati wa vita kuu ya pili, dadu zilikuwa adimu Uingereza ndo wakaweka mshale. Waddingtons walianza kuitoa 1936, ya Marekani ya Parker Brothers 1935. Boksi usilibandike selotepu kabisa, wakusanyaji wanalitazama sana.

Samaki_Sato: Na unyevu wa ziwani huo unakula karatasi. Hesabu hati (kadi za umiliki wa mitaa) ziwe 28, nyumba 32, hoteli 12.

Mdau_Kirumba: Imekosekana hati ya mtaa wa Mayfair tu, kesho namrudia muuzaji.