Kodi ya gesi ya ng'ombe: na sisi Tabora tuiweke?

Wadau, hii hoja ya kulipia gesi ya mifugo imeanza kusikika hadi huku kwetu Tabora, wapo wanaosema kama Denmark wameweza basi na sisi tuweke, kila mwenye ng'ombe alipe kwa kichwa. Mi napinga, na sio kwa sababu gesi ni uongo. Ng'ombe akicheua anatoa methani, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2013 walikadiria mifugo ya dunia nzima inachangia asilimia 14.5 ya gesi joto inayotokana na shughuli za binadamu. Hapo sibishi. Ubishi wangu ni nani alipe, na alipie nini.

Denmark walikubaliana mwaka 2024 kwamba kuanzia 2030 mfugaji atalipa kroner 300, hela ya kwao, kwa kila tani ya gesi ikigeuzwa kuwa hewa ukaa, ila akishapewa punguzo zinabaki kama 120. Sasa chukua ng'ombe wetu wa asili asiye wa maziwa, mwongozo wa 2006 wa IPCC, jopo la kimataifa la wataalamu wa tabianchi, unamkadiria kilo 31 za methani kwa mwaka, ukiigeuza kuwa hewa ukaa haifiki hata tani moja. Kwa bei hiyo ya Denmark baada ya punguzo inakuja kroner mia na kitu, tuseme elfu 35 mpaka 40 za kwetu kwa kila kichwa. Mtu wa Igunga mwenye ng'ombe 50 unamdai karibu milioni 2 kila mwaka, na hela yenyewe anaishika siku akiuza dume, vinginevyo hana. Atafanya nini? Ataswaga mifugo usiku aingie mapori ya Sikonge na Kaliua ambako hakuna wa kuhesabu. Usangu kule Mbeya mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa kwa nguvu, ng'ombe wakaishia Lindi na Pwani, gesi ikahama nao.

Kinachoniuma mimi ni hesabu nyingine. Mwongozo huohuo unasema ng'ombe wa maziwa wa Afrika anatoa kilo 46 za methani kwa mwaka, wa Amerika Kaskazini 128, kwahiyo wa kwetu anaonekana ana nafuu, lakini wa kwetu wamemuwekea kilo 475 za maziwa kwa mwaka na yule 8,400. Gawanya mwenyewe. Kwa kila kilo ya maziwa wa kwetu anachafua zaidi ya mara sita! Na hiyo methani ni chakula kilichopotea, kati ya asilimia 2 na 12 ya nguvu ya malisho inatokea mdomoni bure, yaani hasara ya kwanza ni ya mfugaji kabla haijawa ya dunia.

Angalia dume wa kawaida huku. Masika ananenepa vizuri tu, nundu inasimama, afu ikifika Agosti nyasi zimekuwa mabua matupu, anatembea nusu siku kufuata lambo, mpaka Oktoba mbavu zote unaziona na kilo zote za masika zimeisha. Mwakani anaanza upya. Ndo maana anafika mnadani ana miaka mitano sita, na miaka yote hiyo alikuwa anacheua. Ukimpata huyo dume akiwa na miaka mitatu kwa uzito uleule umepunguza gesi karibu nusu na hela umeishika mapema, bila kodi yoyote. Inahitaji vitu tunavyovijua, ngitiri, yale malisho yanayofungwa masika ili yaliwe kiangazi, zirudishwe na ziheshimiwe, mashudu ya pamba kiangazi, josho linalofanya kazi na chanjo ya ndigana maana ndama anayekufa ameacha gesi ya mama yake bila faida yoyote.

Najua mtaniambia mfugaji akipata faida ataongeza ng'ombe. Inawezekana kabisa, na hii ndo hoja ngumu kuliko zote kwenye huu mjadala. Ila ng'ombe kwetu ndo benki, na mnadani dalali anampima kwa macho na kumpapasa mgongo, basi, bei imepangwa. Weka mizani, kilo ilipwe kama kilo, ndo mtu ataona hasara ya kukaa na dume mzee.

Na kuhusu hela, jirani zetu Katavi, wilaya ya Tanganyika, vijiji vinalipwa kwa kutunza msitu kupitia biashara ya hewa ukaa. Sasa kijiji cha Nzega kikitunza ngitiri na kuuza madume mapema, kwanini kisilipwe na chenyewe? Wanaotaka kodi nijibuni hapo, na mseme hiyo milioni 2 ya mtu wa Igunga itajenga josho gani.